Mtambo au Lugha? Historia ya Istilahi Moja ya Simu

Istilahi mbaya haimpotoshi mwanafunzi peke yake. Humpotosha hata fundi aliye stadi wa kazi yake. Historia ya laini za simu za ISDN yathibitisha jambo hilo.

ISDN ni mtandao wa simu wa kidijitali uliokusudiwa kuchukua sauti na data juu ya waya ule ule wa shaba uliokwisha kufika nyumbani au ofisini. Mapendekezo yake ya kimataifa yalipitishwa mwaka 1984 na CCITT, kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu. Laini ya kawaida ilikuwa na njia tatu: njia B mbili, kila moja ikipitisha biti 64,000 kwa sekunde, na njia D moja ya biti 16,000, ambayo kazi yake kuu ilikuwa kupeleka ishara za kuita, kupokea na kukata simu.

Shida ilizuka katika njia D. Jina la ISDN lilikuwa moja, lakini ishara hazikuwa moja. Ujerumani Magharibi ilianza na itifaki yake ya 1TR6. Huko Amerika ya Kaskazini, mtambo wa 5ESS wa AT&T na ule wa DMS-100 wa Northern Telecom kila mmoja ulikuwa na itifaki yake. Hivyo fundi aliyetaka kuunganisha ruta na laini hiyo hakuwa na budi kwanza kuieleza ruta itatumia itifaki gani. Akikosea, waya ungeweza kuwa mzima kabisa, na simu zisiunganike.

Katika ruta nyingi, mpangilio huo uliitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya “aina ya swichi”. Hapa mfasiri hana budi kuwa mwangalifu mara mbili. Kwanza, swichi kwa Mswahili ni kile kidude cha ukutani cha kuwashia taa, ilhali linalokusudiwa ni mtambo wa kuunganishia simu. Pili, hata “aina ya mtambo” haitoshi. Mtambo wa DMS-100 uliweza kuwekewa programu ya itifaki ya pamoja ya Marekani, iitwayo National ISDN. Hapo fundi alipaswa kuchagua National ISDN, wala si DMS-100. Jina lilitaja chombo, bali dhana ilikuwa lugha ambayo chombo hicho kinasema.

Ulaya iliutafuta umoja mapema. Mwaka 1989 mashirika ya simu ya nchi 20 yalitia sahihi mapatano ya kutumia itifaki moja, iitwayo DSS1, na ruta iliyopangwa kwa itifaki hiyo ikaweza kutumika katika nchi nyingi.

Leo nchi nyingi zimekwisha kuziondoa laini hizo au zinaziondoa, na simu zinapita katika mitandao ya intaneti. Hata hivyo funzo lake halijachakaa. Kwa maoni yetu, tafsiri ifaayo ya mpangilio ule ni “itifaki ya mtambo wa simu”. Ni ndefu kidogo, lakini humwambia fundi jambo analotakiwa kuuliza. Mfasiri na aulize kwanza kitu kinafanya kazi gani, ndipo akipe jina.