Zizi la Tinde

Ukitoka Mpanda kwenda Sitalike utasikia mtu akisema, "Jamani, fungeni madirisha!" Anaogopwa ndorobo, ambaye vitabuni huitwa mbung'o. Vijana tunamlaani kwa sababu anauma. Wazee walimlaani kwa sababu ya malale.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa magharibi mwa Tanganyika, Wakonongo wa huku kwetu wakiwemo, toka vijiji vyao vilivyotawanyika msituni, ikawakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa pori. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Dk. G. Maclean. Mashamba ya zamani yakarudi kuwa msitu, wanyama wakabaki na nchi yao. Lakini kulikuwa na swali ambalo halijajibiwa: kimelea cha malale kikikaa miaka mingi katika damu ya swala bila kupita kwa binadamu, bado kina nguvu ya kumwambukiza mtu? Kama hakina, basi wale wanyama walikuwa wanasingiziwa. Amri ilitangulia, uchunguzi ukafuata.

Jibu lilitafutwa Tinde, Shinyanga. Kila nikifikiria maabara, akili yangu huenda kwenye darubini na makoti meupe. Ile ya Tinde kwa kweli ilikuwa zizi. Walihitajika kondoo, swala, pamoja na mbung'o wenyewe, na wote wawe hai kwa wakati mmoja. Hebu fikiri, msomaji, unajengaje nyumba ya namna hiyo? Zizi la kawaida huzuia mnyama asitoke. Hili lilipaswa pia kuzuia inzi asiingie, kwani mbung'o mmoja wa porini akipenya na kumwuma kondoo, hutajua tena kimelea ulichokiona kimetoka wapi. Na inzi wa ndani akitoroka, mwenye kulipa ni jirani.

Mbung'o naye hafugiki kirahisi. Hatagi mayai mia kama inzi wa chooni. Huzaa buu mmoja mmoja, buu akajifukia udongoni. Bahati ni kwamba hazaliwi na malale. Mpaka anyonye damu yenye kimelea, kisha zipite kama wiki tatu kabla hajaweza kuambukiza, na wengi hawafikii hatua hiyo kabisa. Kwa mwendo huo wa konokono kimelea kilichotoka kwa mgonjwa mmoja kilipitishwa toka mnyama hadi inzi, toka inzi hadi mnyama, kwa miaka 18.

Lakini kondoo hawezi kukwambia kama kimelea kinamdhuru mtu. Kwa hiyo kila baada ya muda waliletwa watu, nao wakaumwa na inzi wale. Taarifa zinasema walijitolea. Neno hilo linanikwaza. Mwafrika chini ya mkoloni, mbele ya daktari wa serikali, alikuwa na nafasi gani ya kusema hapana? Dawa ya suramin ilikuwepo, sawa, lakini malale si mafua. Mwaka 1955 Willett na Fairbairn walichapisha matokeo: kimelea bado kiliambukiza watu. Majina yao tunayasoma hadi leo. Ya wale walionyoosha mikono hayamo kwenye kichwa cha makala.

Baadaye maabara ya Tanga ilifuga mbung'o kwa mamilioni, wakinyonya damu kupitia utando wa silikoni badala ya ngozi ya mnyama. Madume wapatao milioni 8.5 waliofanywa tasa kwa mionzi walimwagwa toka kwenye ndege juu ya Unguja kuanzia 1994, na mbung'o wa mwisho wa porini kule alinaswa 1996. Lakini Unguja ni kisiwa, bwana. Katavi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, haina bahari ya kuizunguka, na ndorobo wa Sitalike hangoji kualikwa.