Mchoraji Aliyeweka Brashi Chini

Mwaka 1971, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, mkufunzi wetu wa sanaa alibandika postikadi moja ukutani. Mama yule alikuwa mtu wa Ireland, na postikadi ilitoka kwao. Ilionyesha ngazi nyembamba za mnara wa mawe. Binti aliyevaa gauni la buluu amegeuzia uso ukutani, na askari mwenye vazi la vita ameukumbatia mkono wake na kuubusu. Hawatazamani. Sisi vijana tulicheka. Mama akatueleza kwamba wale wawili wanaagana: kijana ni mlinzi wa binti, wamependana, na baba ameamuru wanawe saba wamwue. Kicheko kikakatika.

Kisha akaongeza neno ambalo sikulijali siku ile. Alisema mchoraji wa picha hiyo, Frederic William Burton, aliichora mwaka 1864, na miaka kumi baadaye akapewa ofisi, asichore tena.

Burton alizaliwa mwaka 1816 huko Ireland. Utotoni aliumia mkono wa kulia, akajifunza kuchora kwa mkono wa kushoto. Walimu wenzangu mnaosoma kurasa hizi, likumbukeni jambo hilo kila mnapotaka kumkaripia mtoto anayeshika kalamu kwa kushoto. Alichora kwa rangi za maji, polepole, kwa subira. Mwaka 1841 alionyesha picha ya mvuvi wa visiwa vya Aran aliyefiwa na mtoto majini, na waombolezaji wamejaa nyumbani. Baadaye akaishi Ujerumani kwa miaka kadhaa, akichunguza kazi za mabingwa wa kale. Elimu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye ofisi.

Mwaka 1874 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Jumba la Picha la Taifa la Uingereza, mjini London. Tangu hapo aliweka brashi chini. Hata picha aliyokuwa ameianza aliiacha vivyo hivyo. Kwa miaka ishirini kazi yake ikawa kutafuta, kupima na kununua kazi za wengine.

Na alinunua kweli kweli. Mwaka ule ule wa 1874 aliingiza jumbani picha ya Botticelli ya Zuhura na Mirihi. Mwaka 1880 alipata picha ya Leonardo ya Bikira katika miamba, kwa gini 9,000. Mwaka 1885 Bunge lilitoa pauni 87,500 kwa picha mbili tu: 70,000 kwa ile ya Raphael iitwayo Madonna ya Ansidei, na 17,500 kwa ile ya Van Dyck ya Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi. Gharama hiyo ilikuwa nzito hata fungu la kila mwaka la kununulia picha likasimamishwa kwa muda. Hata hivyo, mwaka 1890 alipata picha ya Holbein ya mabalozi wawili, pamoja na nyingine mbili, kwa pauni 55,000. Zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitolewa na wafadhili binafsi. Aliyewahi kuhangaikia fedha za madawati anajua maana ya kubisha milango ya namna hiyo.

Alistaafu mwaka 1894. Mwaka huo huo uwezo wa mkurugenzi kununua picha kwa uamuzi wake ukapunguzwa, ukawa mikononi mwa wadhamini. Alifariki London mwaka 1900, akazikwa kwao Dublin.

Neno la mkufunzi wetu lilinirudia miaka ishirini baadaye, nilipofanywa mwalimu mkuu. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Niliweza kuchora ramani ya Afrika ubaoni bila kutazama kitabu, na wanafunzi walinyamaza kusubiri pembe ya Somalia itokeze. Mwaka wa kwanza ofisini nilibakiza vipindi sita. Mwaka wa pili viwili. Mwaka wa tatu nilikuwa na mafaili, wakaguzi, na wazazi waliokuja kuzungumzia ada. Shule ilipata maabara na kisima, na sijutii. Lakini siku moja mtoto wa kidato cha kwanza aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Shikamoo Mwalimu. Hivi wewe ulikuwa unafundisha somo gani?" Nilimjibu, nikafunga mlango wa ofisi.

Wako watakaosema Burton alipoteza kipawa chake. Wengine watasema mamilioni ya watu wameziona picha alizozinunua, na wangapi wangeziona zake? Mimi naona pande zote mbili zina haki, na ndiyo maana jambo lenyewe linauma. Picha ya ngazi za mnara ipo Dublin. Kwa kuwa mwanga hula rangi za maji, huonyeshwa kwa saa chache tu kila juma. Mwaka 2012 watu wa Ireland waliipigia kura kuwa picha wanayoipenda kuliko zote.

Burton hakurudi kwenye brashi hata baada ya kustaafu. Mimi nilikwenda shule ya msingi ya kijijini kwetu, nikaomba kipindi kimoja kwa juma. Siku ya kwanza mkono ulitetemeka na Madagaska ikatokea kubwa mno. Watoto walicheka. Nikafuta, nikaanza tena.