Projekta ya Slaidi kama Ushahidi: Picha za Kariakoo na Masharti ya Kuzisoma

Watafiti wa historia ya Dar es Salaam huweza kuichukulia slaidi kuwa picha tu. Huipokea ikiwa imekwishanakiliwa kwenye kompyuta, wakaeleza yaliyomo ndani yake, wakaisahau mashine iliyokusudiwa kuionyesha. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mashine hiyo nayo ni ushahidi. Slaidi haikutengenezwa ishikwe mkononi. Ilihitaji chumba chenye giza, hadhira, na mtu wa kuisemea.

Desturi hii ni kongwe kuliko filamu ya rangi. Deutsche Kolonialgesellschaft, chama kilichoanzishwa 1887, kilikusanya picha nyingi za makoloni, zikiwemo slaidi za kioo, na kuzitumia katika mihadhara nchini Ujerumani. Mkusanyo huo sasa umo Frankfurt. Afrika Mashariki ilionekana hivyo kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuikanyaga, huku waliopigwa picha wakiwa nje ya hadhira. Suala la nani aliketi mbele ya kiambaza lina uzito sawa na lile la nani alishika kamera.

Kodak ilitoa projekta ya Carousel mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru; ni sadfa, wala haifai kutiwa maana zaidi ya hiyo. Katika projekta nyingi za awali, mwendeshaji aliingiza slaidi moja moja kwa mkono. Carousel ilikuwa na trei ya duara yenye nafasi 80: trei ilizunguka, slaidi ikadondoka kwa uzito wake mbele ya taa, kisha ikainuliwa kurudi mahali pake. Rimoti ilimwezesha msemaji kusimama mbali na mashine, na feni ilipunguza joto la balbu. Tofauti yake na sinema ni kubwa. Sinema huenda kwa kasi yake, ilhali slaidi humngoja msemaji, naye huweza kufafanua, kuulizwa swali na kurudi nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maana haikuwa ndani ya picha, na maneno hayo mara nyingi hayakuandikwa.

Mazingira ya pwani nayo yaliacha alama. Unyevu huotesha kuvu kwenye jelatini ya filamu. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani haikuweza kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 230 bila transfoma.

Tatizo zito zaidi ni rangi. Filamu nyingi za Ektachrome za miaka ya 1960 zimepoteza rangi ya samawati-kijani na kubaki na wekundu. Kodachrome hudumu vizuri gizani, lakini hufifia upesi ikionyeshwa mara kwa mara. Slaidi iliyopendwa ndiyo iliyoharibika. Mtafiti anayetaka kueleza kanga za wanawake wa Kariakoo, au kuta za soko lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, anaweza kuandika kwa uhakika juu ya wekundu ambao haukuwapo. Baada ya moto wa Julai 2021 kuliharibu soko hilo, kosa la namna hiyo si dogo, kwani jengo la kulinganishia halipo tena katika hali yake ya awali.

Hapo ndipo fremu ya karatasi inapohitajika. Fremu nyingi za Kodak zina mwezi na mwaka uliopigwa muhuri, lakini tarehe hiyo ni ya kusafishwa kwa filamu. Filamu iliyosafirishwa ng'ambo kusafishwa ingeweza kukawia miezi kadhaa, hivyo muhuri huonyesha tu kwamba picha haikupigwa baada ya hapo. Nukta ya wino kwenye kona ilimwongoza mwendeshaji kuipanga slaidi kichwa chini ndani ya trei, na namba iliyoandikwa kwa mkono hudokeza mfuatano wa mhadhara. Namba zikiruka, kuna slaidi iliyoondolewa au kupotea. Nakala za kidijitali zinazokata fremu hufuta ushahidi huo wote.