Mwalimu wa Mfereji

Mtu akitajiwa bingwa wa kuogelea, hudhani mara moja kwamba bingwa huyo alilelewa kando ya bwawa zuri lenye maji safi, akafundishwa na mtu aliyekuwa bingwa kabla yake. Historia ya Soichi Sakamoto yapingana na dhana hiyo, na kwa hiyo yafaa, msomaji, uisome kwa makini.

Katikati ya Bahari ya Pasifiki viko visiwa vya Hawaii, vilivyotwaliwa na Marekani mwaka 1898, na kufanywa jimbo la hamsini la nchi hiyo mwaka 1959. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini utajiri wa visiwa hivyo ulikuwa miwa. Wenye mashamba walileta vibarua kutoka Uchina, Japani, Ureno na Ufilipino, wakawaweka katika kambi za makampuni. Katika kimojawapo cha visiwa hivyo, kiitwacho Maui, Sakamoto alizaliwa mwaka 1906, mwana wa wahamiaji wa Kijapani. Alisomea ualimu, kisha akafundisha sayansi katika shule ya Puunene, mahali palipozungukwa na miwa pande zote, ambapo wanafunzi wake walikuwa watoto wa vibarua.

Miwa hunywa maji mengi. Kwa sababu hiyo wenye mashamba walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka milimani. Jua lilipowaka, watoto wa kambi walijitupa humo kucheza, na walinzi wa shamba wakawafukuza. Sakamoto aliona jambo hili likitokea mara kwa mara. Akaomba ruhusa kwamba watoto waogelee chini ya ulinzi wake, akakubaliwa. Zingatia jambo hili: yeye mwenyewe hakuwa mwogeleaji hodari. Alichokuwa nacho ni macho ya mwalimu wa sayansi, nayo macho ya namna hiyo hutazama, hupima, hujaribu, kisha hutazama tena.

Je, mfereji waweza kumfundisha mtu nini? Katika bwawa maji hutulia, na mwogeleaji akichoka aweza kupunguza nguvu bila kuadhibiwa. Katika mfereji maji hutiririka bila kukoma. Akiuelekea mkondo kisha akalegea, hurudishwa nyuma papo hapo, na kila mtu humwona. Sakamoto aliugeuza upungufu huo kuwa elimu. Watoto walipiga mbizi, wakapanda dhidi ya mkondo kwa nguvu zao zote. Kisha wakageuka, wakachukuliwa na maji hadi walipoanzia, wakipumzika njiani. Halafu wakapanda tena. Kazi ngumu, pumziko fupi, kisha kazi tena: mpango huo leo ni wa kawaida kwa waogeleaji na wakimbiaji wa dunia nzima. Siku zile watoto wa Puunene waliufuata kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kujizoeza.

Mwaka 1937 Sakamoto aliunda chama, akakiita Chama cha Kuogelea cha Miaka Mitatu. Jina hilo lilikuwa na maana yake. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1940 ilikuwa imepangwa kufanyika Tokyo, na mwalimu aliwaambia watoto wa vibarua kwamba katika miaka mitatu wangeweza kuwa miongoni mwa waogeleaji wa Marekani watakaokwenda huko. Wengi waliosikia walicheka. Lakini wahenga walisema: maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mwalimu huyu alikuwa mkali. Mazoezi yalikuwa ya kila siku, na mtoto aliyejiunga alitakiwa kujitawala hata akiwa nje ya maji. Watoto hao walitoa michezo yao na saa zao za kupumzika kwa ajili ya ahadi ya mtu mmoja.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1939 chama hiki cha kambi za miwa kilivuka bahari, kikashinda ubingwa wa timu wa Marekani nzima. Kikaushinda tena mwaka 1940, na tena mwaka 1941.

Na Olimpiki? Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Japani, ikiwa vitani na Uchina, iliirudisha heshima ya kuandaa michezo mwaka 1938. Michezo ikahamishiwa Helsinki, kisha vita vya Ulaya vikaizima kabisa. Miaka mitatu ikatimia, waogeleaji wakawa tayari, na michezo haikuwako. Desemba 1941 ndege za Japani ziliishambulia Pearl Harbor, na tangu siku hiyo watu wa asili ya Kijapani walitazamwa kwa shaka katika nchi waliyozaliwa. Takashi Hirose, mmojawapo wa waogeleaji bora wa chama, alijiunga na kikosi cha 442, kikosi cha Wamarekani wa asili ya Kijapani, kilichopigana Ulaya. Michezo ya mwaka 1944 nayo haikufanyika.

Michezo iliporudi, London, mwaka 1948, wengi wa watoto wa mfereji walikuwa wamepitwa na wakati wao. Aliyeifikia ni Bill Smith, kijana wa Honolulu aliyekwenda Maui kufundishwa na Sakamoto, na aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 400 mwaka 1941. Huko London alishinda medali ya dhahabu katika mita 400, na nyingine katika mbio za kupokezana za mita 200 kwa watu wanne. Ahadi ya mwaka 1937 ilitimia baada ya miaka kumi na mmoja, tena kwa mtu ambaye hakuwako ilipotolewa.

Je, mwalimu aliwadanganya wale wengine? Lipime swali hili mwenyewe, msomaji, lakini mpime na Keo Nakama. Huyu alikuwa mtoto wa mfereji tangu mwanzo, na Olimpiki hakuipata. Alikwenda chuo kikuu, akawa mwalimu, akawa mbunge wa Hawaii. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, aliingia baharini katika kisiwa cha Molokai, akaogelea hadi Oahu, kama maili 27, katika mkondo wenye sifa mbaya. Hapakuwa na medali iliyomngoja ufukoni.

Sakamoto baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Hawaii, akafariki mwaka 1997. Lengo aliloliweka mbele ya watoto liliondolewa na wakuu wa dunia, watu ambao yeye hakuweza kuwazuia. Nguvu waliyoipata katika kulifuata ilibaki mikononi mwao. Mwalimu mwema hana uwezo wa kuamuru mto uendeko. Aweza tu kumfundisha mtoto kuogelea akiukabili.