Aliyevaa Kiatu Aulizwe

Ndugu zangu, wa zamani na mlio madarasani, maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na mwanafunzi. Louis Braille, Mfaransa asiyeona, aliyabuni mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Shule yake mjini Paris iliyakubali rasmi mwaka 1854, miaka 2 baada ya kifo chake. Wenye macho walipendelea herufi za kawaida zilizoinuliwa karatasini. Kwa kibao na kalamu ya ncha, mtu hutoboa kinyume, kutoka kulia, kisha hugeuza karatasi ndipo asome. Mashine ya Perkins ya Marekani, iliyotoka mwaka 1951 ikiwa na vitufe 6 vya nukta, ilimwezesha kusoma papo hapo alichoandika. Basi sisi wa maofisini, kabla ya kuagiza vifaa, tumwulize atakayevitumia.