Waranti ya miaka 25 na zile digrii 25: historia fupi ya paneli zetu za sola

Hapa Umoja, majirani wakishajua wewe ni mtu wa kompyuta, basi kila kitu chenye waya ni kazi yako. Siku hizi swali ni hili: "Paneli hii ina waranti ya miaka 25, ninunue?" Jibu langu linaanzia mbali kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Paneli ya silikoni ilitoka Bell Labs, Marekani, mwaka 1954, ikigeuza takriban asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Kisha, katika mradi wa 1975 hadi 1986, maabara ya JPL ya huko huko Marekani ilinunua paneli kwa awamu na kuzitesa kwa joto, baridi, unyevu na mvua ya mawe, huku watengenezaji wakirekebisha kilichoharibika. Kwetu sisi waandishi wa programu, huko ni kutafuta bagi. Baada ya mateso hayo ndipo waranti ya miaka 10 ilipowezekana, na baadaye 20, 25, hata 30.

Huku kwetu, katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Harold Burris pamoja na Mark Hankins walifunga sola katika shule ya Karamugi, Meru, na kufundisha mafundi. Soko likakua. Miaka ya 1990 wengi walinunua vipaneli vya wati 12 hivi vya silikoni ya amofasi, kwa ajili ya taa na TV ndogo. Shida ni kwamba silikoni hiyo hupoteza sehemu ya nguvu zake katika miezi ya kwanza ya jua, jambo lililojulikana tangu 1977. Kibandiko cha kweli kilipaswa kutaja nguvu zinazobaki baada ya hapo.

Mwaka 1999 watafiti walizipima paneli hizo hapa Kenya. Aina nyingine zilikuwa sawa, nyingine zilikuwa chini kabisa ya kibandiko. Matokeo yakatangazwa na soko likajirekebisha. Walipopima tena 2004 na 2005, walikuta majina mapya yenye ugonjwa ule ule! Mwenye kuandika programu anaelewa: ukijaribu mara moja ukaenda kulala, bagi hurudi. Kanuni za sola za 2012 zikaleta leseni kwa mafundi na wauzaji, ambazo leo hutolewa na EPRA.

Sasa tuje kwenye joto. Wati za kibandiko hupimwa paneli ikiwa na digrii 25. Hewa ya Nairobi ni ya baridi kiasi, lakini paneli juu ya mabati saa saba mchana hufika digrii 60 kwa urahisi. Chukua paneli ya wati 400 inayopoteza asilimia 0.4 kwa kila digrii: digrii 35 za ziada mara 0.4 ni asilimia 14, unabaki na wati 344. Ile ya asilimia 0.29 inakuachia kama 359. Namba hiyo imo kwenye karatasi ya vipimo, iulize. Na acha nafasi ya upepo kati ya paneli na bati. Mwongozo wa kimataifa wa 2020, IEC TS 63126, unataka vipimo vikali zaidi kwa paneli zinazopita digrii 70 kwa zaidi ya asilimia 2 ya mwaka. Kama unapelekea wazazi Garissa, hilo linakuhusu.

Halafu waranti yenyewe huwa mbili: ya paneli kama kifaa, ambayo mara nyingi ni fupi, na ya nguvu, ndiyo hiyo ya miaka 25. Soma masharti. Nyingi hufa ukitoboa fremu, ukibandua nambari ya nyuma, ukipoteza risiti au ukifungiwa na fundi asiye na leseni. Nyingine hufa paneli ikihamishwa mahali ilipofungwa kwanza. Kwa mpangaji wa Eastlands, leo Kayole kesho Utawala, kipengele hicho kimoja kinaweza kumaliza miaka 25 kwa safari moja ya pikapu.

Kwa hivyo jirani, usiulize miaka mingapi. Uliza nani hapa Nairobi atapokea paneli ikifeli, na nani ataipima. Historia yetu inaonyesha kwamba bila mpimaji, kibandiko hujisemea kinachotaka.