Boga, Mbwa na Simba wa Serengeti

Kupika boga hakutaki haraka. Mama alikuwa akiliweka juu ya gunia, akalipasua kwa panga, mbegu akazitandaza kwenye ungo zikauke juani. Vipande alivipanga ndani ya sufuria, ganda likiwa chini, akatia maji kidogo na kufunika barabara. Boga ni mgeni wa siku nyingi. Asili yake ni Amerika, nalo lilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Lakini nani pale kwetu Bunda angelikumbuka hilo? Boga lilikuwa letu, na makombo yake yalikuwa haki ya mbwa wetu. Naye aliitwa Simba, kama waitwavyo mbwa wengi.

Mwaka 1994, baada ya mavuno, nilirudi nyumbani kwa likizo kutoka Musoma mjini nilikokuwa nikifanya kazi. Mama alipasua boga, akamwita Simba. Hakuja. Tulimkuta amelala nyuma ya ghala la mahindi, macho yamejaa tongo, kamasi zikimtiririka, taya likitetemeka lenyewe. Mama alimpelekea kipande kilichoiva na kupoa. Alikinusa, akageuza kichwa. Usiku wa tatu aliondoka, asionekane tena. Tulimtafuta vichakani hadi jua likachwa. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, alitufariji: "Mbwa ni mbwa tu, mwanangu. Mtapata mwingine." Nasi tukanyamaza, ingawa sahani yake ilikaa mlangoni muda mrefu.

Miaka ilipita kabla sijafahamu kwamba mwaka uleule simba wa kweli walikuwa wakifa katika Hifadhi ya Serengeti, ambayo kwetu si mbali. Walionekana wakitetemeka na kuanguka kifafa. Takribani theluthi moja ya simba wote wa Serengeti waliangamia, na maradhi yakavuka mpaka hadi Maasai Mara nchini Kenya. Fisi na chui nao hawakusalimika. Wataalamu walipochunguza walikuta virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, na macho yao yakaelekea kwenye mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Yaani mbwa kama wa kwetu.

Ndugu msomaji, virusi hivyo vina ukoo. Ndugu zake ni surua ya watoto wetu na sotoka ya ng'ombe. Sotoka ndiyo iliyofyeka mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikaua nyati na nyumbu pia, na kuwaacha wafugaji katika njaa kuu. Ng'ombe walipochanjwa katika karne ya ishirini, porini nako kukapona. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna aliyemchoma sindano nyumbu hata mmoja. Walichanjwa ng'ombe wa mazizini, wakapona wanyama wasio na mwenyewe. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba sotoka imekwisha.

Haki itendeke, hata kwa mbwa. Mwaka 2008 watafiti walieleza kwamba ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati, kupe wakawajaa, na simba waliokula nyati hao wakapata vimelea vya damu vilivyoufanya ugonjwa uwe wa kuua. Mwaka 2015 wengine walionyesha kwamba virusi viliendelea kuzunguka porini hata baada ya mbwa wa vijijini kuchanjwa. Basi lawama haikai mlangoni mwa mbwa peke yake. Wala sisemi kwamba Simba wetu aliugua distempa. Hakupimwa, na mzoga wake hatukuuona.

Ninalojua ni hili: hatukumchanja kamwe, hata chanjo ya kichaa cha mbwa. Alilinda nyumba yetu miaka sita kwa mshahara wa makombo, na zamu yetu ya kumlinda ilipofika, hatukujua kama tuna zamu. Angekuwa na kichaa, angeweza kumng'ata mtoto wa jirani, nasi tungekuwa tunasimulia msiba mwingine. Wataalamu husema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea.

Leo nina mbwa mwingine. Kadi yake ya chanjo naiweka kabatini pamoja na kadi za kliniki za wajukuu. Mama, ambaye sasa ni mzee sana, huicheka kadi hiyo kila anapoiona. Kisha huniuliza kama tarehe imefika.